Fundi Rangi Anajibu: Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu kazi ya mwisho ya rangi, yaani msasa na polishi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu aliyeiandika ameeleza kila kitu alichofanya, na kwa maelezo ya namna hiyo fundi anaweza kujibu.

Shikamoo fundi. Nina pikapu Datsun 1200 niliyoachiwa na babu. Nimeishusha, nimepanua madigadi kwa faiba, na rangi nimepuliza mwenyewe uani nyumbani: nyekundu bodi nzima, boneti nyeusi isiyong'aa, kama zile Datsun 240Z za Safari Rally. Rangi ni tu-kei, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuikausha), juu yake klia, yaani vanishi isiyo na rangi, mikono (matabaka) mitatu. Kompresa yangu ni ndogo. Imekauka, lakini imetoka na ganda la chungwa, yaani uso una vinundu kama ganda la tunda hilo, vumbi limenasa kwenye paa, na mlango wa dereva una mchirizi wa urefu wa kidole. Rafiki yangu ana grenda, anasema ataifunga pedi ya sufi amalize polishi kwa saa moja. Nianzie wapi? Na boneti nayo niipige polishi?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hiyo grenda irudi kwa mwenyewe leo hii. Grenda ndogo ya kukatia chuma huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ina swichi ya kupunguza mwendo, huanzia kama mara 600 na kuishia kama 3,000, na mimi kwenye klia ya gari sipandi zaidi ya 1,500. Sufi ikizunguka kwa kasi ya grenda huipasha klia joto mpaka inalainika na kuvutika, na kwenye kingo inang'oka kabisa, ukabaki unatazama praima. Milango ya namna hiyo huletwa kwangu mara kwa mara. Haina tiba ila kupulizwa upya.

Boneti usiiguse, si kwa msasa, si kwa polishi, si kwa nta. Rangi isiyong'aa imetiwa unga ambao rangi ikikauka huacha vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukivigonga hutawanyika kila upande, ndiyo maana weusi unaonekana umetulia. Ukisugua unavilaza vile vinundu, unapata mabaka yanayong'aa ambayo hayatarudi kuwa kama wenzake. Kama boneti ina vumbi lililonasa, pitisha msasa boneti nzima kisha uipulize mkono mmoja mpya, basi. Na nimefurahi umechagua mpangilio huo. Edgar Herrmann aliposhinda Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973, walikuwa kwenye 240Z nyekundu zenye boneti nyeusi, na weusi ule ulikuwa wa kazi: kuzuia jua lisimrudie dereva machoni. Kuing'arisha boneti yako ni kuiondolea maana yake.

Sasa geuza maelezo hayo ya boneti, utapata maelezo ya bodi nzima. Uso wenye vinundu hutawanya mwanga. Uso uliosawazika huurudisha pamoja, ukaona mti na uso wako mwenyewe mlangoni. Kinachosawazisha uso ni msasa. Polishi kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya msasa wa mwisho, hakuna zaidi. Nalisisitiza hili kila nikipata nafasi kwa sababu naona vijana wakipitisha msasa harakaharaka, kisha wanashinda na mashine mchana kutwa wakitegemea dawa ya kwenye kopo iwasawazishie ganda la chungwa. Haiwezi. Italing'arisha ganda lenyewe, likaonekana zaidi kuliko mwanzo.

Kabla ya kushika msasa, jua una akiba gani. Mikono miwili ya klia ya tu-kei iliyopulizwa vizuri, ikikauka, huacha unene wa kama maikroni 50 hadi 60. Wewe una mitatu, tuseme 75 hadi 90 katikati ya mlango, na pungufu kwenye kingo na mikunjo, kwa sababu rangi mbichi huzikimbia kingo. Unywele wa kichwa cha mtu una maikroni kama 70. Basi akiba yako yote ni unene wa unywele na ziada kidogo, na humo ndimo ilimo dawa inayozuia miale ya jua isiiunguze ile nyekundu. Nyekundu ni rangi inayopauka upesi. Ukila klia kupita kiasi, gari litang'aa vizuri mwaka huu, kisha paa litaanza kupauka na kuchubuka kwa jua la pwani. Mimi hutaka theluthi mbili ya klia ibaki mwisho wa kazi. Kwa hiyo usitafute kioo. Magari mengi yanayotoka kiwandani, hata ya bei mbaya, yana ganda la chungwa jepesi; yatazame siku moja kwa pembeni. Ondoa vilele vilivyozidi, mabonde madogo yaache.

Hukusema umepuliza lini. Bonyeza kucha mahali pa siri, kwa mfano ndani ya kizingiti cha mlango. Ikiacha alama, bado. Dalili nyingine ni msasa wenyewe: ukivuta mara mbili tatu ukakuta umeziba kwa vijidonge vya gundi, weka chini, subiri. Kwa joto la Tanga, na kama hadina uliipima kama kopo linavyoelekeza na hukukadiria kwa macho, mimi husubiri siku tatu mpaka wiki. Lakini usiiache miezi miwili, itakuwa ngumu na utatoka jasho bila sababu.

Anza na mchirizi, na uupe siku za ziada kwa kuwa ndani yake rangi ni nene na huchelewa kukauka. Bandika tepu ya karatasi kuuzunguka, karibu kabisa. Chukua kipande kidogo cha mbao ngumu, upana wa vidole viwili, ukivishe msasa wa maji namba 1000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), usugue kilele cha mchirizi peke yake, kwa mikono mifupi, bila kukandamiza. Usitumie kidole kitupu. Kidole ni laini, kinafuata umbo la mchirizi badala ya kuukata, na kinachimba pembeni yake. Ukikaribia usawa wa mlango, toa tepu, umalizie kwa 1500. Vumbi la paa nalo lifuate hivyohivyo, punje mojamoja, kwa kipande kidogo cha 2000. Watu huipiga msasa paa zima kwa ajili ya punje sita.

Kisha bodi. Loweka misasa yako kwenye maji kwa robo saa au zaidi, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Ndoo ziwe mbili, moja ya kusuuzia na moja ya maji safi, na msasa ukianguka chini usiuokote, chukua mwingine. Punje moja ya mchanga wa uani itakuchorea mstari ambao utaushughulikia mpaka usiku. Bandika tepu juu ya kingo zote: ukingo wa mlango, mkunjo ule unaopita ubavuni, mdomo wa madigadi uliyopanua. Hapo kwenye faiba uwe mwangalifu zaidi, kwa maana umbo umelitengeneza kwa mkono na lina vilele ambavyo jicho halivioni ila msasa utavipata.

Anza na 1500 kwenye kipande cha mpira mgumu, vuta kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono. Ukimaliza sehemu, kausha kwa mpira wa waipa wa zamani uinamishe jicho. Palipofifia pamesawazika, vidoa vinavyong'aa ni mabonde. Vikibaki vichache vidogo, simama. Na wakati wote tazama maji yanayotiririka. Yakiwa meupe kama maziwa, unakata klia. Yakianza kuwa mekundu, acha hapohapo, umeshaivuka klia na uko kwenye rangi. Hakuna dawa ya kopo itakayokuokoa, mlango huo utapulizwa upya.

Ukitoka 1500 nenda 2000, uvute kwa kukatisha, yaani kama mwanzo ulivuta kutoka mbele kwenda nyuma, sasa vuta toka juu kwenda chini. Ukiona mistari ya mwanzo imekwisha yote, ndipo uende 3000, na hapo tena ugeuze. Hatua hii ndiyo wengi wanayoiruka, na ndiyo inayoamua kazi. Mkwaruzo wa 1500 uliouacha chini ya 3000 hautafutwa na polishi, utaukuta juani siku unayompelekea mtu gari alione. Mwisho toa tepu, kingo uzipitishe kwa mkono na 3000, mara tatu nne tu.

Mashine ya polishi kodi, au azima kwa fundi. Vua mkanda wenye kishikizo cha chuma, na saa ya mkononi. Waya upitishe begani usije ukaburuzika kwenye rangi. Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Dawa ya kusugulia kidogo tu, eneo la nusu mita kwa nusu mita, mwendo mdogo kwanza ili dawa isirukeruke, kisha kama 1,200. Pedi ilale bapa. Ukifika ukingoni, pedi iwe inazunguka kutoka kwenye bodi kwenda nje, isije ikaugonga ukingo kutoka nje. Weka kiganja kwenye bodi kila baada ya muda mfupi: joto la kawaida sawa, ukishindwa kukituliza kiganja hapo, simama upumzishe. Sufi kwanza, kisha sponji na dawa laini zaidi. Pedi ya dawa moja usiichanganye na dawa nyingine.

Ukidhani umemaliza, futa eneo moja kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo iliyochanganywa na maji. Dawa hizi zina mafuta yanayojaa kwenye mikwaruzo na kuificha. Gari likioshwa mara tatu mikwaruzo yote inatokeza. Kisha litoe jua la asubuhi, lile linalolala, utazame kwa pembeni.

Faida ya Datsun 1200 ni udogo wake. Kwa mtu mmoja, msasa peke yake ni kazi ya siku mbili tulivu. Usiifanye kwa siku moja.

Asalaam aleikum fundi. Nina Volkswagen Beetle niliyoipiga rangi ya ensii (ile inayokauka kwa thina kuruka tu) ya samawati hapa nyumbani, haina klia. Mambo mawili. Nikisugua kwa dawa, kitambaa kinageuka samawati, naogopa naimaliza rangi. Na upande mmoja niliopuliza siku ya mvua umefanya ukungu mweupe. Huo nao utatoka kwa polishi?
*Msomaji, Mombasa*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kitambaa kugeuka samawati kwako ni kawaida, kwa sababu huna klia na unasugua rangi yenyewe. Mwenzio wa Tanga akiona hivyo ni msiba, wewe ni kawaida. Ila weusi wa praima au kijivu kikianza kuonekana kwenye ukingo, hapo ndipo pa kuogopa.

Ukungu umetokana na unyevu. Thina ikiruka kutoka kwenye rangi huupoza uso, na hewa ya Mombasa wakati wa mvua imejaa maji. Unyevu huo hugeuka matone juu ya rangi mbichi na kunaswa humo. Kama ni juujuu, msasa wa 2000 na dawa vitauondoa. Kama umeingia ndani, puliza juu yake mkono mwembamba wa thina inayokauka polepole iliyotiwa rangi kidogo, siku kavu. Ensii huyeyuka tena ikikutana na thina, hata baada ya miaka, na unyevu ulionaswa utapata njia ya kutoka. Huwezi kufanya hivyo kwa tu-kei.

Nina mapenzi na ensii, sikatai. Ni rangi ya ukoo wa ile Duco ya DuPont iliyoingia kwenye magari ya General Motors miaka ya 1923 na 1924, ikapunguza muda wa kusubiri rangi ikauke kutoka wiki nzima hadi masaa. Mafundi wa magari ya mapambo kule California miaka ya 1950 walifanyia kazi ukoo huohuo wa rangi, mikono mingi myembamba, msasa katikati. Inasamehe. Ila ina tabia moja: huendelea kusinyaa wiki nyingi baada ya kukauka, na mistari ya msasa wa chini hujitokeza upya. Kwa hiyo Beetle yako isawazishe sasa kidogo, iendeshe mwezi mmoja au miwili, kisha ndiyo ufanye polishi ya mwisho. Ukiimaliza leo utairudia.

Fundi, mume wangu na mdogo wake wanapulizia magari rangi uani kwetu siku za Jumamosi. Anajifunga kitambaa puani. Siku hizi jioni anakohoa na kifua kinambana, asubuhi anapata nafuu. Anasema ni vumbi la msasa. Watoto wanacheza hapohapo. Je, ni vumbi kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Dada yangu, barua yako ningeitanguliza kuliko zote kama ningeweza kukufikia kabla ya gazeti kutoka. Kama anapuliza tu-kei, mshukiwa wa kwanza ni hadina. Ndani yake mna kemikali ziitwazo aisosianeti, na zinajulikana duniani kote kwa kuwapa wapuliza rangi pumu. Kifua kubana saa kadhaa baada ya kazi, na nafuu siku asipofanya, ni dalili ninayoifahamu. Mwili ukishazikataa, kiasi kidogo sana kinatosha kumletea shambulio, na shambulio hilo laweza kuua. Hauzoei. Kila mara huwa mbaya zaidi.

Kitambaa hakizuii chochote. Barakoa ya vumbi haizuii. Barakoa yenye makopo ya mkaa huchoka, na hatajua imechoka, maana aisosianeti humwumiza mtu kabla hajasikia harufu yake. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na chumba chenye feni ya kutoa hewa. Nadhani uani kwenu hakuna, na kama ndivyo, tu-kei isipulizwe hapo tena. Wafanye bodi, puti, msasa na polishi nyumbani, kupuliza wapeleke kwa mwenye chumba.

Aende hospitali wiki hii, na amwambie daktari kwa maneno haya: napuliza rangi ya gari yenye hadina. Asiposema, atatibiwa kikohozi cha kawaida na Jumamosi atarudi kwenye bunduki ya rangi.

Vumbi nalo si la kudharau. Rangi za magari ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Msasa wa gari kuukuu upigwe kwa maji, matope yake yakusanywe yasiachwe kukauka uani, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto. Watoto wasiwepo kabisa wakati wa kazi. Mwoneshe mumeo ukurasa huu.

Fundi, jirani yangu hupangusa gari lake kwa dizeli na linang'aa sana. Nami nimemaliza polishi juzi kwenye rangi mpya ya tu-kei. Nipake dizeli, mafuta ya nazi au nta?
*Msomaji, Dodoma*

Dizeli na mafuta ya nazi huacha utando unaong'aa kwa siku mbili na kukusanya vumbi lote la Dodoma, kisha ukipangusa lile vumbi unachora mikwaruzo uliyotoka kuifuta. Vyote viwili acha.

Nta ni nzuri, lakini si sasa. Rangi mpya bado inapumua, thina iliyobaki inatoka polepole. Ipe miezi miwili ya kuoshwa kwa maji na shampuu ya gari tu, kwa kitambaa laini, kivulini. Baada ya hapo paka nta nyembamba. Na kama kuna sehemu yoyote ya gari unayokusudia kuipuliza tena, hakikisha nta haina silikoni. Silikoni ikishaingia kwenye bodi na kwenye vitambaa vyako, rangi itakayofuata itaikwepa na kufanya vishimo vya mviringo mlango mzima, na kuisafisha kabisa ni kazi kubwa kuliko polishi uliyomaliza.